"On the ferry" au "at the ferry"? Jibu kwa dada wa resepsheni

Swali limetoka kwa dada anayefanya kazi resepsheni kwenye loji moja hapa Mwanza, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Wiki iliyopita bosi alinituma nikampokee mgeni pale feri ya Kamanga, upande huu wa mjini. Nikamtumia meseji, I am waiting for you on the ferry. Mgeni kafika, kakata tiketi, kapanda feri, kavuka mpaka ng'ambo ananitafuta, na mimi muda wote nimekaa nje ya geti namsubiri. Bosi kanigombeza sana. Mwalimu, kwani kwenye si ndio on? Na bosi mwenyewe kaandika kwenye kibao cha loji, our lodge is in Lake Victoria, je hiyo ni sahihi? Kila siku nachanganya in, on na at, nimekariri mpaka nimechoka."

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa yaliyokukuta. Nimefundisha Kiingereza miaka mingi hapa mjini, nimefundisha watoto wa sekondari, wahudumu wa hoteli, madereva wa watalii, na kosa hili nimelikuta kwa wote, hata kwa watu wenye digrii zao. Kwa hiyo usijione mjinga. Ila nianze na lililokuuma: mgeni wako alifanya kile kile ulichomwambia. Ukisema I am on the ferry, mwenye lugha yake anaelewa kwamba umeshapanda, miguu yako iko kwenye sakafu ya chombo. Sasa akifika getini asikuone atafanya nini, si atakata tiketi akufuate? Ulitakiwa useme at the ferry, hapo angejua uko eneo la feri, iwe getini, iwe dirisha la tiketi, iwe kwa muuza maji. Na kwa kazi yako ni bora zaidi kuongeza neno moja, outside the gate, maana at inamleta mpaka eneo lile halafu hilo neno jingine linamleta mpaka mbele ya uso wako.

Sasa tuje kwenye mzizi. Kwenye sio on. Wala sio in, wala sio at. Kwenye ni gunia, tunatupia humo kila kitu. Simu iko kwenye meza, hela iko kwenye pochi, niko kwenye kona, niko kwenye feri, zote kwenye, na hakuna anayepotea kwa sababu aliyekuzunguka anaona mwenyewe. Na ile -ni ya mwisho wa neno iko hivyo hivyo: mezani, mfukoni, kisimani, ziwani. Chukua Mwaloni yetu ya Kirumba, lile soko la samaki la ufukweni. Ukinipigia simu nikakwambia niko Mwaloni, inawezekana niko majini nasukuma mtumbwi, inawezekana nimesimama kwa wauza dagaa, inawezekana niko ndani ya kijichumba nahesabu hela na mtu. Neno ni lile lile na wewe hujaniuliza zaidi, umesema tu sawa nakuja. Kiingereza hakikubali hivyo, kinataka useme unapaona vipi mahali penyewe kabla hujataja jina lake.

Na hapa ndipo ninapowaambia wanafunzi wangu jambo ambalo naliamini kabisa: sisi sio wageni wa jambo hili. Kiswahili kina pa, ku na mu. Hapa, huku, humu. Pale, kule, mle. Nyumbani pana watu, nyumbani kuna watu, nyumbani mna watu, mzee anayejua lugha akisikia hizo tatu anasikia picha tatu tofauti, pa ni mahali unapopajua hasa, ku ni upande upande huko bila kuonyesha kidole, mu ni ndani. Na Kisukuma nacho kina zake, bibi yako hawezi kuchanganya mu na ku hata akiamshwa usiku. Ila sisi wa siku hizi tumeacha, kila mahali ni kuna, mna tumewaachia watunga mitihani. Kwa hiyo ukitaka kujua in, anza kwa kujiuliza: je ningeweza kusema humu au mle? Mle kabatini, mle chumbani, mle mfukoni, mle ziwani kwa samaki. Ikikubali, mara nyingi in ndiyo yenyewe. Na pale inakaribia sana at: pale getini, pale stendi, pale mlangoni.

Shida ni on, maana haina ndugu wa kuzaliwa naye kwetu. Tunaikimbilia juu ya, na juu ya ni pana kuliko on, nitarudi hapo.

Kwa hiyo usikariri orodha. Jiulize mahali hapa napaona kama nini. Kama ni nukta tu kwenye ramani, sijali pana kuta wala paa, ni at. Kama ni uso ambao kitu kimegusa, au mstari ambao kitu kimeugusa, ni on. Kama pana mipaka inayokizunguka kitu, ni in. Hapo resepsheni kwako angalia meza yako. Kengele iko on the desk, imegusa uso wa meza. Funguo ziko in the drawer, mbao zimezizunguka. Mgeni yuko at the desk, amesimama hapo kupata huduma. Ukisema mgeni is on the desk, umesema amekalia meza. Ukisema is in the desk, umemfungia kwenye droo na funguo zako. Meza ni moja, na hakuna neno hata moja kati ya hayo matatu lililo kosa, inategemea unasema nini.

Sasa ziwa, maana bosi wako kaandika kibao na kibao kinasomwa na watu wengi. In the lake ni ndani ya maji au katikati ya maji. Sangara na sato wako in the lake. Anayeogelea is swimming in the lake. Jiwe la Bismarck pale karibu na feri liko in the lake, maji yamelizunguka, na ndege waliotua juu yake wako on the rock. Ukerewe nayo is an island in Lake Victoria kwa sababu hiyo hiyo, maji pande zote. Lakini mtumbwi unaovua, au meli inayopita, iko on the lake, imekaa kwenye uso wa maji na ukisema boat is in the lake mtu anaweza akakuelewa kwamba imezama. Kuna na on ya pili ambayo wengi hawafundishwi: ukingo wa ziwa unaonekana kama mstari, na mji unaougusa mstari huo uko on the lake. Mwanza is on Lake Victoria. Musoma is on Lake Victoria. Hiyo haimaanishi nyumba zinaelea, inamaanisha mji umegusa ufuo. Kwa hiyo kibao cha bosi wako kilivyo sasa kinasema vyumba vyenu viko majini. Mwambie kwa heshima abadilishe herufi moja tu, in iwe on, au kama anaogopa watu hawataelewa aandike on the shore of Lake Victoria, hiyo haina ubishi. Na at the lake ipo pia, hiyo ni pale unapolitaja ziwa kama sehemu ya kwenda, mfano familia imeshinda Jumapili ufukweni wanakula sato, watasema we spent the day at the lake, hapo hawasemi waliingia majini au walikaa kwenye mchanga, wanasema tu walikokuwa.

Ukiwa umeelewa ziwa umeelewa na kisiwa. Watu wanaishi on the island, kisiwa ni kama sahani wamekaa juu yake, kwa hiyo Nansio is on Ukerewe Island. Ila kisiwa kikiwa ni nchi yenye serikali yake tunaacha kukiona kama sahani, tunakiona kama eneo lenye mipaka, ndio maana ni in Madagascar. Zanzibar utasikia zaidi in Zanzibar, na wewe tumia hiyo.

Narudi kwenye juu ya, kwa sababu hii inaumiza watu kweli. Ndege inapita juu ya ziwa ikielekea uwanjani. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika the plane is on the lake, nikamwambia hapo umeshaitua majini. Kama kitu hakijagusa, on haiingii, ni over au above: the plane is flying over the lake. Na daraja la Kigongo–Busisi, lile la kama kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, ni mfano mzuri sana kwa sababu lina vyote kwa pamoja. Daraja limepita over the water, magari yako on the bridge, mitumbwi inapita under the bridge, na wewe unatoka ng'ambo moja kwenda nyingine across the gulf, yaani unavuka ghuba ya ziwa. Ukisimama pale dakika tano ukataja kila unachokiona kwa Kiingereza utajifunza kuliko kurasa kumi za daftari.

Chini nayo ina mtego wake. Amekaa chini sio he sat under. Ni he sat down, au he is sitting on the floor kama ni ndani ya nyumba, on the ground kama ni nje. Begi la mgeni liko chini, your bag is on the floor. Under ni mpaka kuwe na kitu juu yake, under the table, under the bed.

Vyombo vya usafiri sasa, maana ndiko ulikoangukia. On inatumika kwa bus, train, plane, ship na ferry. In inatumika kwa car na taxi. Watu wanauliza kwa nini, si vyote tunaingia ndani? Mimi naeleza hivi: chombo kikubwa unachoweza kusimama ukatembea, kina sakafu kama jukwaa, Waingereza wanakiona kama uso umepanda. Gari dogo unainama, unaingia, unakaa, limekuzunguka kama sanduku, hiyo ni in. Ndio maana mtumbwi ni in a canoe, umekaa chini na mbao zimekupanda ubavuni, wakati feri ni on. Pikipiki na baiskeli hata hazina ndani, on a motorbike, kwa hiyo mgeni wa bodaboda yuko on. Bajaji ni in. Daladala utasikia zote mbili kwa wasemaji wa huku, mimi nafundisha on, kwa sababu inaenda kwa ruti na abiria wamechanganyika kama basi, hata kama kwenye haisi unaingia umejikunja. Na kuna njia ya kujipima: kitenzi cha kupanda. Kama unasema get on na get off, basi ukiwa humo uko on. Kama unasema get in na get out, uko in. Get on the ferry, on the ferry. Get in the taxi, in the taxi. Haijanitupa hii.

Ukiwa kwenye daladala kuna kosa jingine ambalo nataka ulisikie vizuri kwa sababu linageuza habari kabisa. Kiswahili tunasema nilikaa mbele ya gari, tukimaanisha siti ya karibu na dereva. Dada mmoja niliyekuwa namfundisha alikuwa anamweleza mgeni safari ya kutoka Igoma, akasema I sat in front of the daladala. Mgeni akashtuka, akamuuliza was it moving? Maana in front of the daladala ni nje, barabarani, gari linakuja usoni kwako. Ya ndani ni at the front of the daladala au in the front seat. Vivyo hivyo nyuma: at the back of the bus uko ndani siti za mwisho, behind the bus uko nje unavuta moshi. Mgeni akikuuliza nikae wapi usimwambie sit behind the car.

Majengo na sehemu za huduma: at ukitaja shughuli au mahali pa kukutana, in ukitaka kusema ndani. I'm at the bank, nimeenda benki, hata kama niko kwenye foleni nje. It's cold in the bank, kiyoyozi kimezidi mle ndani. Hospitali iangalie kwa makini. Mgonjwa aliyelazwa Bugando, Mwingereza atasema he is in hospital bila the, Mmarekani ataweka the. Wewe uliyeenda kumwona uko at the hospital. Siku mgeni anakupigia ukamwambia I'm in hospital, ataanza kukuombea.

Mji ni in: in Mwanza, in Bukoba. Ila mji ukiwa kituo tu cha safari unageuka nukta. Meli ya kwenda Bukoba inapita Kemondo, utasema the ship stops at Kemondo. Na kufika ni arrive in kwa mji au nchi, arrive at kwa mahali padogo, arrive in Mwanza, arrive at the airport. Arrive to hamna. Enter na reach hazitaki chochote, you enter the room, you reach the gate, ile enter in the room inatoka kwenye ingia ndani yetu.

Barabara wengi wa leo wanasema on, on Kenyatta Road, na Waingereza unaweza kuwasikia wakisema in kwa mtaa. Ukitaja na namba ya nyumba ni at. Kona ya barabara ni at au on the corner, kona ya chumba ni in the corner kwa sababu kuta zimekubana.

Ghorofa ni on siku zote, your room is on the second floor, usiseme in. Lakini hapo hapo pana jambo ambalo wa resepsheni lazima alijue. Sisi tunahesabu kama Waingereza, ya chini haina namba, ukipanda ngazi mara moja ndiyo ya kwanza. Mmarekani anaanza kuhesabu kutoka chini, first floor yake ni hapo hapo mlipo na meza yako. Kwa hiyo second floor yako kwake ni third. Nimeona mgeni akihangaika na funguo kwenye mlango wa chumba cha mtu mwingine kwa sababu hii, na mwenye chumba amelala. Ongeza two flights up, unamaliza.

Yaliyobaki ni mazoea, yachukue tu unavyokutana nayo: picha iko on the wall lakini mtu aliye kwenye picha yuko in the picture. Habari iko in the newspaper, on page 5, on the radio, on the internet. Password ya waifai imeandikwa on the card, kadi iko in the envelope, na bahasha iko on the bed kama imewekwa juu ya shuka. Mtu aliyejifunika amelala ni in bed.

Nina ombi moja. Kwa wiki nzima, ukiwa zamu na hamna mgeni, angalia vitu vilivyokuzunguka vitatu au vinne useme kimoyomoyo viko wapi, na kila ukisema jiulize ni nukta, ni uso au ni ndani. Usianzie na neno "kwenye" halafu utafute la Kiingereza chake, anzia kwenye kitu chenyewe unachokiona. Wanafunzi wangu waliofanya hivi wamebadilika haraka kuliko waliokariri.

Na meseji yako ya siku nyingine mgeni akija upande wa feri, hii hapa, inakili kama ilivyo: I'm at the Kamanga ferry, on the town side, outside the gate, next to the ticket window. I'm in a blue shirt. Please don't get on the ferry. Hiyo in a blue shirt ni nguo imekuzunguka, ndio maana ni in. Rangi badilisha kulingana na siku hiyo umevaa nini.